Hiyo Sukari Inafanya Kazi Gani?

(Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya kikundi chetu cha kina mama hapa Majengo, Mombasa. Mvua ilipiga, nusu ya watu hawakufika, na tangu siku hio simu yangu haijapoa, kila mtu ati "nielezee ulichosema". Kueleza mmoja mmoja siwezi. Nimeandika yote vile yalivyotoka, na pale nilipokatizwa pia nimepaacha.)

Assalaam aleikum mama zangu na dada zangu, na wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo? Na hao wazee wetu wawili walioketi mlangoni wakijifanya wanangojea wake zao, ingieni ndani jamani, mambo haya ni yenu kuliko hata yetu.

Kwanza mjue mimi si daktari. Mimi ni mpishi. Miaka ishirini na kitu sasa nakanda unga, mahamri asubuhi, viazi karai jioni, na shughuli za watu wikendi, na kashata zangu mwazijua. Sasa hizi siku za karibuni hakupiti wiki sijapata mteja aniambia, "Bi mkubwa, nitengenezee lakini usitie sukari, tia ile nyingine." Nyingine ipi? Mmoja ataka sukari guru, mmoja ataka asali, mmoja yuaja na kichupa cha matone kama dawa ya macho, aniambia tia hii kwa mahamri mia moja. Na kila mmoja yuaamini kabisa kwamba chake ndicho cha afya. Ndipo nikasema, wacha siku moja tukae tuzungumze.

Nawauliza swali. Ukitia sukari kwenye chai, ile sukari inafanya kazi gani?

(Wakajibu: "Tamu!")

Tamu, ndio. Na ukitia kwenye donge la mahamri? Tamu tu? Na kwenye shira ya kaimati? Na kwenye achari ya embe ukaiweka kwenye chupa miezi mitatu? Na kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari anayetetemeka saa tisa mchana, jasho linamtoka, hajui jina lake, hapo sukari inafanya kazi gani?

Shikeni swali hilo, manake nitalirudia mpaka mchoke. Kazi gani? Mtu akikuletea sukari mbadala, usimuulize kwanza bei wala imetoka wapi, muulize inafanya kazi gani, na kazi gani haifanyi.

Haya, jikoni kwanza, manake huko ndiko kwangu.

Yule wa matone nilimkubalia. Tamaa yangu mwenyewe. Alitaka mahamri mia, wageni wa mumewe wanatoka safari, mume ana sukari, ataka wote wale kitu kimoja ili asijione amebaguliwa. Nia nzuri wallahi. Nikakanda unga na tui la nazi, iliki, hamira, nikatia matone badala ya sukari. Donge likakaa. Likakaa. Kawaida yangu saa moja na nusu donge limejaa beseni lataka kumwagika, siku hio saa mbili zimepita bado liko chini limelala kama limekasirika. Sikuwa na muda, nikasukuma, nikakata, nikatia kwenye mafuta. Zilifura nusunusu. Na rangi sasa! Nyeupe. Nazigeuza, nazigeuza, zimeshaiva ndani lakini ile hudhurungi haiji. Nikaziacha zaidi zipate rangi, zikakauka. Asubuhi yake zilizobaki ungeweza kumrushia mwizi.

Pesa nilirudisha nusu, na aibu nikabaki nayo nzima.

Kilichotokea ni nini? Matone yale ni stevia. Stevia ni mmea wa Amerika ya Kusini, upande wa Paraguay, wenyeji wa kule Waguarani walitia majani yake kwenye vinywaji vyao tangu zamani sana. Siku hizi hata hapa Kenya wako wakulima wanaoilima, kule Kericho kwenye majani chai. Kile kitu kitamu kilichomo ndani ya jani, kikisafishwa, ni kitamu kuliko sukari mara mia mbili hadi mia tatu. Mara mia tatu! Ndio maana tone moja linatosha kikombe. Lakini tamu ndio kazi yake pekee. Hamira haiwezi kuila. Ni kweli hamira inapata chakula kidogo kwenye unga wenyewe, ndio donge likainuka kidogo, lakini ile shibe ya haraka hakuna. Rangi? Ile hudhurungi ya hamri inataka sukari ikutane na moto, hapa sukari hakuna. Ulaini wa siku ya pili? Sukari hushika maji, ndio mkate mtamu haukauki upesi, na hapa maji hayana wa kuyashika. Kazi zote hizo nilizipa tone moja la stevia, nikashangaa ikanishinda.

Kwa chai stevia sawa. Kwa juisi ya ndimu sawa, kwa uji sawa kama umezoea ile ladha yake inayobaki nyuma ya ulimi kama umelamba mzizi, mimi siipendi lakini wako wanaoipenda. Kwa mahamri, usinitafute.

Sasa njooni kwa sukari guru, ambayo ndiyo niliyoombwa hasa kuizungumzia.

Kwanza jina. Wenzetu wa bara wanaiita sukari nguru. Mimi mara ya kwanza kusikia nilicheka, manake nguru tunayoijua sisi hapa ina mapezi na inaliwa na wali wa nazi. Wahindi wanasema gur, sisi tukaipa mwisho wa kwetu ikawa guru. Kwa hiyo ni sukari guru, na samaki tumwache baharini.

Niliona inavyotengenezwa kwa macho yangu. Dada yangu ameolewa upande wa Kakamega, nilienda kumzuru akajifungua, na shemeji akanipeleka kwenye kiwanda kidogo cha jirani, kiwanda ni jina tu, ni banda la mabati. Miwa inaingizwa kwenye mashine inakamuliwa, maji yanatoka ya kijanikijani na povu. Makapi ya miwa yanaanikwa juani, yakikauka ndiyo kuni, hakitupwi kitu. Yale maji yanachujwa, yanamiminwa kwenye karai bapa kubwa, ungeweza kulala mtu ndani, chini moto unanguruma. Yanachemka masaa. Uchafu unapanda juu na povu, kijana amesimama na upawa mrefu anautoa, anautoa, jasho, nyuki wamemzunguka hawamshughulishi. Rangi inatoka kijani, inakuja dhahabu, inakuja hudhurungi. Halafu mzee mmoja akachovya kijiti, akadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, akalishika kwa vidole viwili. Likashikana kama gololi. Akaguna tu, hakusema kitu, na wote wakakimbilia karai kulitoa motoni. Kipimo ni vidole vya mzee na maji ya kikombe. Kilo kumi za miwa, ikikubali, unapata kilo moja hivi.

Mmeona basi? Sukari nyeupe inatoka kwenye muwa huo huo. Tofauti ni kwamba ya kiwandani wanazitenga chembe nyeupe peke yake, na ile molasi nyeusi yenye harufu na madini wanaiweka kando. Guru molasi yake imo ndani. Nawaambia hivi makusudi, manake tutarudi hapa tukifika kwenye maradhi. Guru ni muwa. Sukari nyeupe ni muwa. Wamezaliwa tumbo moja, mmoja kaoga mmoja hajaoga.

Jikoni guru inafanya kazi gani? Karibu zote. Hamira inaila. Rangi inatoa, tena upesi kuliko nyeupe, kwa hiyo ukichoma mahamri ya guru punguza moto usije ukaunguza nje ndani mbichi. Ulaini inashika vizuri sana. Na ina kitu sukari nyeupe haina, harufu. Ile harufu ya moshi kidogo na muwa ulioiva, ukiikutanisha na iliki na tangawizi, Mungu anajua.

Lakini ina vituko vyake, na hapa wengi ndipo wanapoharibu. Nani hapa ametia guru kwenye chai ya maziwa ikakatika?

(Mikono kama saba ikapanda. Mmoja akasema, "Mbele ya wakwe!")

Mbele ya wakwe! Mimi pia, mbele ya wakwe. Sijui kwa nini haikatiki siku ukiwa peke yako. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, mama mkwe kaja na dada zake, nikasema leo nitawaonyesha, nikachemsha maziwa, majani, tangawizi, nikatupa bonge la guru sufuriani moto unawaka. Nikageuka kuchukua vikombe. Kurudi, naona mabonge meupe yanaelea juu ya maji ya rangi ya kutu. Mama mkwe akachungulia, akasema polepole, "Kwetu hii twaita jibini."

Sababu ni kwamba guru ina uchachu kidogo na chumvichumvi za madini, na maziwa yakiwa yanachemka hayavumilii, yanagandana. Dawa yake ni rahisi. Pika chai yako mpaka iive, epua, acha itulie dakika mbili, ndipo utie guru iliyosagwa, na usiirudishe motoni. Au kila mtu ajitilie kikombeni. Basi.

Cha pili, chuja. Guru ya bonge ina mambo ndani, vijiti vya muwa, mchanga, mara nyingine mguu wa nyuki. Usiitie kavu kwenye unga. Iyeyushe na tui la vuguvugu, ichuje kwa kitambaa, ipoe mpaka kidole kivumilie ndipo utie hamira, manake hamira ikikutana na moto inakufa na hufufui. Na guru ina maji ndani yake, kwa hiyo tui lipunguze kidogo.

Cha tatu, ule uchachu unaoharibu chai unasaidia penye magadi. Mkate wa ndizi mbivu ukitia guru na magadi ya kuokea kidogo, utaona unavyopanda, manake uchachu na magadi vinakutana vinatoa mapovu.

Na chatini ya ukwaju ya viazi karai, wale mnaoniuliza kila siku naweka nini, leo nasema. Guru. Ukwaju uloweke, ukamue, uchemshe na guru, pilipili ya unga, bizari ya pilau kidogo na chumvi. Sukari nyeupe inatia utamu tu, unaonja ukwaju na unaonja sukari wamekaa mbalimbali kama watu waliogombana. Guru inawapatanisha.

Kuchagua sasa. Watu wengi wanapenda guru ya manjano inayong'aa, wanasema ndio safi. Mimi nachagua nyeusi, iliyoiva. Huko India watengenezaji wengi hutumia dawa ya kung'arishia, haidrosi wanaiita, ili iwe ya dhahabu ivutie macho. Guru iliyopikwa bila dawa inakuwa hudhurungi iliyokolea. Si kila ya manjano ina dawa, muwa wenyewe pia una rangi zake, lakini pesa yangu naiweka kwenye nyeusi.

Haya. Tutoke jikoni. Twende sebuleni, kwa mgonjwa.

Ami yangu ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa kumi na moja. Anajidunga insulini. Miaka mitatu nyuma akakutana na mtu, sitamtaja na wala simjui vizuri, akamwambia sukari guru ni ya asili haina madhara kwa wenye sukari, tena inasafisha damu. Ami akafurahi! Mtu miaka minane anakunywa chai kavu, leo kaambiwa kuna utamu wa halali. Akawa haonji, anakunywa. Chai asubuhi, vijiko vitatu. Saa nne, vitatu. Alasiri na kahawa tungu anang'ata bonge pembeni kama kashata. Wiki mbili akaanza kwenda chooni usiku mara nne, mara tano, macho yana ukungu, kiu haimuishi. Tukampima sukari ya damu nyumbani, mashine ikaandika 21, kwa kile kipimo cha mmol/L. Ishirini na moja! Na yeye bado anabisha, "Lakini sijala sukari mimi."

Sasa niambieni. Ndani ya damu ya ami, ile guru ilifanya kazi gani?

(Kimya kidogo. Mama mmoja mbele: "Kazi ya sukari.")

Kazi ya sukari! Ileile! Mwili haujui kama sukari iliingia imevaa shuka nyeupe au kanzu ya hudhurungi. Sehemu kubwa sana ya guru ni sukari ileile ya muwa, iliyobaki ni maji, glukosi kidogo na madini kidogo. Gramu kwa gramu nguvu zake zinakaribiana na nyeupe. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari hizi za kuongeza, na asali imo humohumo kwenye hesabu, zisizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu unayokula kwa siku, na ukiweza kushuka mpaka nusu ya hapo, ni bora zaidi. Hiyo nusu ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Vijiko sita kwa siku nzima, na hio ni kwa mtu mzima mwenye afya. Hesabuni chai zenu. Vikombe vitatu mara vijiko vitatu. Bado hujagusa mahamri yangu.

Msiniambie basi guru ni mbaya. Sijasema hivyo. Naipika kila siku. Nasema kwa mgonjwa wa sukari, guru si mbadala wa sukari, guru ni sukari.

Na hii ya damu nayo, manake najua mtaniuliza. Mtoto wa dada yangu alikuwa na mimba, kliniki wakamwambia damu yake iko chini, wakampa vidonge, vile vya chuma na foliki. Akasema vinamkoroga tumbo na vinatoa choo cheusi, akaviweka kabatini, akaanza kula guru, manake mtaani wanasema guru inaongeza damu. Chuma kweli imo ndani ya guru, hilo si uongo. Lakini kiasi gani? Tuchukue takwimu za juu kabisa zinazoandikwa, miligramu 11 kwa gramu 100. Bonge la kutafuna lina gramu kumi hivi, umepata miligramu moja. Kidonge kimoja cha kliniki kina miligramu 60. Ili guru ikupe sawa na kidonge ule zaidi ya nusu kilo kwa siku. Nusu kilo ya sukari, mjamzito! Na alikuwa anaila na chai ya rangi, na chai ndiyo inayozuia mwili usichukue hio chuma. Nilimwambia mwanangu, kidonge meza, tumbo likisumbua rudi uwaambie kliniki, na ukitaka kusaidia damu kunywa maji ya chungwa pembeni. Guru kula kwa utamu wake kama unaitamani, usiipe kazi ya dawa.

Asali nitaipita haraka. Ni nzuri, kwa kikohozi cha mtu mzima naikubali, kwenye keki inaleta unyevu, lakini kwa damu ni sukari pia. Kitu kimoja tu naomba mnisikize vizuri: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali. Hata tone la ncha ya kidole. Najua kuna nyumba zinampaka mtoto mchanga asali, na nia ni baraka. Lakini asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lako wewe linazishinda, la mtoto mchanga haliwezi, zinamea ndani zinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Anayetaka baraka ya sunna kuna tende, muulizeni sheikh wenu, na iwe laini ya kupaka tu.

Tende yenyewe tamu sana, zaidi ya nusu yake ni sukari, lakini inakuja na nyuzinyuzi zake na inashibisha, huwezi kula kumi na tano kama unavyokunywa soda bila kujua. Mimi nazisaga na maziwa moto kidogo, natilia kwenye mkate wa ndizi, napunguza sukari nusu. Inafaa. Mwenye sukari azihesabu.

Turudi kwa ami, manake hadithi yake haijaisha na hii ndiyo niliyotaka mtoke nayo.

Baada ya ile 21, binti yake akapiga marufuku. Nyumba nzima sukari ikatolewa, guru ikatolewa, hata kopo likaoshwa. Akanunuliwa matone ya stevia. Na hapo walifanya sawa, kwa mwenye sukari matone hayo kwenye chai hayapandishi sukari ya damu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kwamba watu wasitegemee vitamu hivi, stevia pamoja, kwa ajili ya kupunguza uzito, lakini ushauri huo haukuwa juu ya walio na kisukari tayari. Kwa hio ami na matone yake, hakuna ubaya. Kichupa kikawekwa mezani, kila mtu nyumbani akawa anakiita "sukari ya babu".

Sukari ya babu. Kumbukeni hilo jina.

Siku moja ami kajidunga insulini yake ya mchana, halafu akapigiwa simu, kuna maiti mtaani, akatoka kwenda kuzika bila kula. Karudi saa tisa jua kali. Nyumbani yuko mjukuu wa miaka kumi na mbili peke yake na mimi nilipita kupeleka kaimati. Nakuta ami amekaa kwenye kochi kanzu imelowa, mikono inatetemeka, namsalimia ananiangalia kama hanijui. Mjukuu ana akili, kliniki walishawafundisha, babu akitetemeka mpeni sukari. Alikuwa ameshampa! Glasi nzima ya maji, ananionyesha, "Nimemtilia sukari ya babu, matone ishirini." Na babu ameyanywa yote, na hali ni ileile.

Kazi gani, mama zangu? Yale matone yalifanya kazi gani?

Utamu tu. Ulimi umeambiwa sukari imefika, damu haikupata kitu. Tulipompima ilikuwa 2.6. Chini ya nne ni hatari, na hapo ndipo mtu anahitaji sukari ya kweli, ile ya kupanda haraka, ile tuliyoifukuza nyumba nzima. Nikakimbia na lile bakuli langu la kaimati, nikamchotea shira ya chini kwa kijiko, akameza, akameza tena. Dakika kumi na tano tukapima tena, 4.3. Akafumbua macho vizuri akaniuliza, "Nani kakwambia uniletee kaimati?"

(Hapa watu walicheka mpaka nikangoja.)

Mnacheka, mimi nililia jikoni. Wenye mgonjwa wa sukari nyumbani, hasa wa insulini, shikeni hili: akitetemeka, jasho, maneno hayaeleweki, na bado anaweza kumeza, vijiko vitatu vinne vya sukari ya kawaida kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, si ile ya daieti. Ngojeni dakika kumi na tano, mpimeni tena, bado iko chini mpeni tena, ikipanda mpeni chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, atapaliwa, ni hospitali mbio. Na wafundisheni watoto kwa majina ya kweli. Kile kichupa sasa kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: SI SUKARI.

(Mama mmoja akauliza, guru ingefaa pale? Nikamjibu ingefaa, guru ni sukari, ila bonge ni gumu na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa nalo, iyeyushwe kwanza. Na stevia ingefaa? Ukumbi mzima ukajibu kabla yangu.)

Ami sasa hatembei bila karatasi mfukoni mwa kanzu. Ameikunja mwenyewe kama tumbaku, ndani vijiko vinne vya sukari nyeupe. Siku nyingine naye barazani anaitoa anawaonyesha wenzake kwa maringo, mtu aliyekatazwa sukari, anatembea nayo.

Mimi nimemaliza, adhana hio inakaribia. Kashata za njugu ziko kwenye sinia pale nyuma, ni za guru, nilizipima kwa ile njia ya mzee wa Kakamega, tone kwenye maji baridi, ila yangu niliiacha motoni zaidi mpaka likavunjika ka! badala ya kushikana. Ziko arobaini na mbili na sisi ni arobaini na mmoja. Kila mtu moja. Ami haji leo, lakini ile moja iliyozidi binti yake ameshaihesabu, kwa hio asiichukue mtu.